Bi Maddox na Dari ya Corvedon

Tangazo lilitoka katika gazeti la wilaya wiki tatu mfululizo, mwishoni mwa Septemba mwaka 1988, chini ya matangazo ya kondoo na mashine za kukatia nyasi. Lilisema: yeyote aliyewahi kuingia chumba kirefu cha juu katika jumba la Corvedon kabla halijabomolewa, na anayeikumbuka dari yake, tafadhali amwandikie Bi H. Maddox, Ludlow. Jibu lilikuja moja tu. Liliandikwa kwa penseli nyuma ya kadi kuukuu ya Krismasi: "Naikumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyeivunja. C. Tranter."

Hester Maddox aliniambia kwamba aliisoma kadi ile akiwa amesimama ukumbini kwake, akaiweka chini ya simu, akaenda kunawa mikono.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutoa nyaraka katika chumba cha kusomea cha kumbukumbu za kaunti, Shrewsbury, na wakati huo nilikuwa nimemjua kwa miaka tisa. Alikuja kila Jumanne, siku yake ya mapumziko, kwa basi la asubuhi, akakaa meza ya dirishani, akatoa penseli tatu na mkate wake uliofungwa kwa karatasi ya nta ambao aliula nje hata kukiwa na baridi kali. Mwanamke mrefu, mwembamba, miaka hamsini na tisa, koti la kijivu. Miaka yote ile nilimwita Bi Maddox. Hester lilikuwa jina la kwenye fomu.

Maisha yake ya kazi yote yalikuwa katika duka la miwani kule Ludlow. Alipima pua na masikio ya watu, akakaza skrubu, akainamisha fremu. Angeweza kukuambia nani katika mji ule ana sikio moja juu kuliko la pili. Hakuolewa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki, majira ya baridi ya mwaka 1970, na tangu hapo Jumapili zikawa ndefu mno. Mwaka uliofuata watu wa kanisani walipanga safari ya kwenda kutazama jumba moja la zamani, naye akaenda kwa sababu kulikuwa na kiti kitupu kwenye basi. Ndani ya jumba lile, chini ya dari ya chokaa iliyojaa maua na matunda, mwongozaji wa wageni alisema kwamba mafundi waliotengeneza dari ile walibeba kalibu zao za mbao za kutolea maua ya chokaa wakaenda kufanya kazi katika jumba jingine maili tano kutoka pale. "Na hilo liko wapi?" akauliza Bi Maddox. "Halipo tena, mama. Lilibomolewa. Hakuna anayejua dari yake ilikuwaje."

Maneno yale yalimkaa. Usiniulize kwa nini, hata yeye hakujua. Watu wengine wakiambiwa hakuna ajuaye, wanaendelea na chai yao. Yeye alirudi nyumbani akanunua daftari.

Miaka kumi na saba baadaye alikuwa na madaftari arobaini na mawili. Katika kaunti yetu majumba makubwa ya mashambani yalianguka kwa wingi baada ya vita. Wenyewe walishindwa kuyatunza, mapaa yakavuja, wakauza mbao na mawe, wakalima palipokuwa na ukumbi. Bi Maddox aliyafuata moja baada ya jingine. Alisoma orodha za minada na barua za wake wa wenye nyumba. Alibisha milango ya watu asiowajua akiomba kuona albamu za harusi, maana bibi harusi akipigwa picha ukumbini, juu ya shela huonekana kipande cha dari. Alipata kichwa cha malaika wa chokaa kinazuia mlango wa banda la kuku. Vyote alivipima na kuvichora. Kufikia wakati ninaousimulia, alikuwa amezirudisha dari za majumba kumi na moja, kwa karatasi tu, na hapakuwa na mtu hata mmoja nyumbani kwake wa kumwonyesha.

La kumi na mbili lilikuwa Corvedon, kubwa kuliko yote, na lilikuwa limemshinda. Picha hakuna. Albamu hakuna. Kulikuwa na mstari mmoja tu katika shajara ya msafiri wa zamani aliyelala mle usiku mmoja: "dari ya chumba kirefu ni ya kustaajabisha, yenye mawindo." Basi. Na mwaka ule wa 1988 Dakta Philippa Lyle wa London, aliyekuwa anaandika kitabu kikubwa juu ya dari za chokaa za upande wa magharibi, alimwandikia: kama Bi Maddox angeweza kupata ushahidi wa Corvedon, sura hiyo ingekuwa yake, na jina lake juu. Ndipo akatoa tangazo.

*

Duka la miwani lilifunga saa saba mchana kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza ya Oktoba alipanda basi hadi Craven Arms, zilipo nyumba ndogo za wazee. Clement Tranter alifungua mlango kabla Bi Maddox hajabisha. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mfupi, kifua kama pipa, na mkono wa kushoto haukuwa na kidole cha shahada.

"Umechelewa dakika nne," alisema.

"Basi lilisimama. Kondoo walikuwa barabarani."

"Kondoo wa nani?"

"Sikuwauliza, Bwana Tranter."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mezani palikuwa pameandaliwa: vikombe viwili vyenye visahani, pai ya nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vinne, vitunguu vya siki kwenye bakuli la kioo. Bi Maddox alikaa ukingoni mwa kiti bila kuvua koti.

"Ulitegemea mtu mwenye pembe, siyo bibie?"

"Nilitegemea mtu mwenye aibu kidogo."

"Aibu ya nini? Mwenye nyumba alisaini mwenyewe. Maji yalikuwa yanateremka ngazini kama mto. Mimi nilipewa nyundo nikaambiwa anza juu." Akasukuma pai mbele yake. "Kula. Haijawahi kumvunjia mtu nyumba, hiyo pai."

"Mliivunjaje?"

"Kweli unataka kusikia?"

"Nimekuja kwa hilo."

Akamweleza. Waliing'oa sakafu ya chumba cha juu yake, wakasimama juu ya maboriti, wakazisukuma fito kwa mitaimbo kutokea juu. Ile dari haikudondoka vipande vipande. Ilishuka kama shuka kubwa inayotandikwa, kimya kwanza, kisha ikapiga chini ukahisi kishindo kwenye meno. Ndani ya ile chokaa mlikuwa na singa za ng'ombe, na hizo zilielea hewani kutwa nzima. "Mke wangu alinivua nguo uani kama mtoto. Hakutaka vumbi ndani. Siku tatu natema nyeupe."

Bi Maddox aliniambia kwamba hapo alitaka kuondoka. Alishashika begi. Lakini mzee aliendelea, sauti ikiwa chini.

"Ila juma zima kabla ya hapo mvua ilinyesha, hatukuweza kugusa paa. Wenzangu wakawa wanacheza karata jikoni. Mimi sipendi karata. Nikawa napanda juu, nalala chali sakafuni na mkate wangu kifuani, natazama."

"Ulitazama nini?"

Mzee alifumba macho. Akainua ule mkono wenye vidole vinne. "Katikati kuna kulungu dume. Mkubwa kama ndama. Anakimbia huku ameangalia nyuma, na pembe zake zimetokeza nje kabisa, ukipanda kiti unazishika. Mbwa wako pembezoni, wanamzunguka. Nane. Hapana, tisa, kuna mmoja amejificha kwenye mzabibu, anaonekana kichwa tu. Fundi alikuwa mtu wa utani, huyo."

Bi Maddox akavua koti. Akatoa daftari.

*

Alirudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata tena. Alichora, mzee akasahihisha akiwa amemsimamia begani: "Mkia unapinda huku, bibie. Huyo ni mbwa, siyo paka wa kasisi." Walipata mbwa wote tisa, mzabibu ukutani kote, na mikanda ya chokaa iliyotuna na kuvukana, ikiigawa dari katika vyumba vidogo vidogo. Alhamisi ya tatu alikuwa anafunga begi wakati mzee alipokumbuka tembo.

Tembo yule alikuwa kwenye moja ya vile vyumba, alisema, na alikuwa na miguu ya farasi na masikio kama majani ya kabichi, maana fundi hakuwahi kumwona mnyama mwenyewe. Bi Maddox aliponionyesha mchoro Jumanne iliyofuata nilicheka kwa sauti mle chumbani, kitu kisichoruhusiwa. Mimi nimezaliwa Voi, nikamwambia, na tembo wa namna hii angetimuliwa na wenzake. Naye akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka kwa meno.

Baada ya tembo akaja nyangumi. Akaja nguva mwenye kioo, na nungunungu, na mtu mwenye uso kifuani. Kila Alhamisi kimoja, mara chache viwili. Krismasi ikapita. Bi Maddox akaanza kuoka keki ya mbegu za kisibiti siku ya Jumatano. Alimrekebishia Clem miwani, iliyokuwa inamteremka puani tangu mke wake alipofariki miaka sita nyuma, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba imepinda. Akamjua binti yake aliyeko Kanada kwa jina na kwa picha. Na kwetu chumba cha kusomea, maneno yake yote yakaanza na "Clem anasema." Clem anasema chokaa nzuri inanukia mkate. Clem anasema baridi ya mwaka huu si baridi.

Mwezi wa Aprili alimpelekea Dakta Lyle mchoro mkubwa uliokamilika: kulungu katikati, na kuzunguka pande zote viumbe thelathini na mmoja, kila mmoja katika chumba chake. Dakta Lyle alipiga simu siku hiyo hiyo karatasi ilipomfikia.

"Bi Maddox, sijawahi kuona kitu kama hiki. Hakuna dari nyingine ya namna hii nchini. Nataka iwe kwenye jalada."

"Jalada la nini?"

"La kitabu! Mchoro wako, jalada zima."

Alinieleza habari hiyo akiwa amesimama mbele ya kaunta yangu, ameshika koti lake kwa mikono miwili. Nilimwuliza atasherehekeaje. Akafikiri. "Nimeshamwambia Clem," akasema, kana kwamba hiyo ndiyo sherehe.

*

Majira ya joto ya mwaka huo yalikuwa makali. Visima vilikauka, na mwezi wa Agosti mkulima mmoja, Gwen Pugh, ambaye shamba lake limepakana na palipokuwa Corvedon, akachimba mtaro wa bomba la maji kupita lango la malisho yake. Mtaro ukatoa vitu vyeupe. Gwen alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alilikumbuka lile tangazo.

"Bi Maddox? Wewe ndiye wa dari? Basi ninayo langoni kwangu."

"Una nini?"

"Dari! Baba alikuwa ananiambia walimwaga kifusi cha lile jumba hapa ili matrekta yasizame, mimi nikadhani matofali tu. Njoo na jembe. Na kofia."

Bi Maddox aliomba likizo dukani akaenda siku tisa mfululizo. Gwen alimsaidia jioni baada ya kukamua. Walitoa ndoo na ndoo za vipande, na Bi Maddox akavisafirisha nyumbani kwake kidogo kidogo ndani ya begi la magurudumu, akavisafisha kwa mswaki ndani ya beseni lake la kuogea, akavipanga kwenye mazulia mpaka akakosa pa kukanyaga.

Pembe ya kulungu ilikuwemo. Mbwa walikuwemo, watano walioweza kutambulika, na mmoja alikuwa kichwa tu, majani ya mzabibu yamemfika shingoni. Bi Maddox alikaa chini akalia kidogo kwa furaha, kwa maana mzee hakukosea hata mkunjo wa jani.

Kisha akaanza kuunganisha vile vyumba vidogo. Mikanda ilikuwa mingi, na mingi bado ilishikilia kilichokuwa katikati yake. Kilikuwa waridi. Cha pili kikawa waridi. Cha kumi kikawa waridi, lile lile, lenye petali tano na ufa mdogo kwenye petali ya kushoto, kwa sababu kalibu yenyewe ilikuwa na ufa na yote yalitoka humo. Alipima mikanda, akapiga hesabu ya dari yote, upana na urefu. Vyumba thelathini na kimoja. Vipande vya mawaridi alivyokuwa navyo vilitosha vyumba ishirini na sita, na hapakuwa na kipande hata kimoja cha mnyama asiyekuwa kulungu au mbwa. Si kwato za farasi, si mkonga, si pezi.

Hakukuwa na tembo. Hakukuwa na nyangumi wala nguva. Dari ya Corvedon ilikuwa windo moja zuri katikati ya mawaridi yanayofanana.

Alichukua daftari lake la Oktoba. Bi Maddox aliandika kila kitu, hata maneno ya mlangoni. Ndivyo alivyojifundisha, ili asije akatia maneno yake katika kinywa cha shahidi. Alhamisi ya kwanza: kulungu na mbwa. Kweli. Ya pili: mbwa, mzabibu. Kweli. Ya tatu: mikanda. Kweli. Halafu chini ya ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Nikasema, Nadhani tumemaliza, Bwana Tranter, sitakusumbua tena. C.T. akasema, Ngoja kwanza. Kulikuwa na tembo."

*

Alinieleza yote haya Jumanne iliyofuata, nje, kwenye benchi anapokaa kula mkate wake. Hakuwa ameugusa mkate.

"Miezi sita," alisema. "Kila Alhamisi anakaa pale anatunga, na mimi naandika kama mtoto wa shule. Nilimuuliza nyangumi anatazama upande gani! Akafikiri kabisa kabla ya kunijibu."

"Labda alichanganyikiwa tu, Bi Maddox. Ni mzee."

"Hakuchanganyikiwa. Alikumbuka mbwa wa kwenye majani."

Aliikunja upya karatasi ya nta. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilimgharimu zaidi kulisema kuliko yale mengine: kwamba kwa siku mbili alikuwa amewaza kunyamaza. Gwen Pugh hakujua mchoro ulikuwa na nini. Vipande vingeweza kurudi mtaroni. Kitabu kingetoka na jalada lile na jina lake, na baada ya miaka kumi na minane mtu angejua kwamba Hester Maddox alifanya kitu. "Nilishaanza kuvirudisha kwenye ndoo," alisema. "Nikakuta nimefunga kila kimoja kwa gazeti kisije kikavunjika. Nikajiona mjinga."

Alimpigia Dakta Lyle alipofika nyumbani. Yule dakta alijaribu kuokoa kilichoweza kuokolewa. "Tunaweza kuandika kwamba ni kwa mujibu wa shahidi, Bi Maddox. Ni ushahidi wa mdomo, watu wanautumia."

"Si ushahidi, Dakta. Ni uongo, na mimi najua ni uongo."

Sura ikawa kurasa mbili na picha ndogo ya waridi. Jalada likapewa jumba jingine, la Devon.

Alhamisi akapanda basi. Hakuwa ameoka. Ndani ya begi alikuwa na waridi moja, zima, lililofungwa kwa leso ya mkononi. Clem alikuwa ameshaweka vikombe.

"Mbona wiki tatu kimya?" alisema. "Nimekumbuka mwingine. Yuko karibu na dirisha, ana shingo ndefu, sijui ni ndege gani yule..."

Bi Maddox akafungua leso, akaliweka waridi mezani kati ya vikombe.

Mzee alilitazama. Akalisogelea, akaipapasa ile petali yenye ufa kwa kidole gumba.

"Yalikuwa mengi haya," alisema mwishowe.

"Thelathini na moja."

"Yalikuwa yanachosha kutazama. Waridi, waridi, waridi."

"Kwa nini, Clem?"

"Ulikuwa unafunga begi." Hakuinua macho. "Ulikuwa umesema umemaliza. Nikasema kimoja tu, siku moja tu. Ukafurahi sana na yule tembo. Ningefanyaje?"

"Ungesema karibu tena chai. Watu husema hivyo."

"Ungekuja?"

Bi Maddox alitaka kusema ndiyo. Aliniambia kwamba alifungua kinywa kabisa. Lakini alikuwa mtu wa kuandika kweli, na kweli ni kwamba asingekuja. Angepeana naye mkono, angemwandikia barua ya shukrani yenye mistari minne, na angeenda kutafuta jumba jingine.

"Nilikuwa siijutii ile kazi, unajua," Clem alisema. "Miaka thelathini na tano sikuijutia hata siku moja. Nimekuja kuijutia ulipokuja wewe na penseli yako." Akalifunga waridi kwa leso, akamsogezea. "Basi hutakuja tena."

"Nitakuja Alhamisi. Lakini juu ya dari usinitungie neno lingine."

"Sasa tutaongea nini?"

"Sijui," alisema Bi Maddox.

*

Na kweli hawakujua. Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, lakini haikuwa hivyo. Dari ndiyo iliyokuwa kati yao, na ilipoondolewa walibaki wazee wawili chumbani. Waliongea habari za hali ya hewa. Clem alifungua redio kusikiliza mbio za farasi. Bi Maddox akafuma. Zipo Alhamisi ambazo hawakusema sentensi kumi. Alipokuwa anasimulia tembo, mzee alikuwa mtu wa maneno na mikono. Sasa alikuwa mzee tu anayeuliza kama chai inatosha. Na Bi Maddox aliporudi kwenye basi alijiona mpweke kuliko siku ambazo hakwenda kokote.

Nilimwuliza mara moja kwa nini anaendelea kwenda.

"Kwa sababu nilisema nitakwenda," alijibu, na baada ya kidogo: "Na anaweka vikombe viwili."

Aliendelea mwaka mmoja na nusu. Mara mbili tu alikosa, zote kwa ajili ya theluji. Januari ya mwaka 1991 Clem aliugua kifua, na wale wa hospitali walipouliza jina la ndugu wa karibu, alitaja la binti wa Kanada, kisha la "bibie wa miwani, Ludlow." Bi Maddox alikaa naye alasiri mbili. Ile ya pili mzee hakuongea, ila alinyoosha kidole juu, kwenye dari ya wodi iliyo tambarare na nyeupe, akatikisa kichwa kwa dharau, na Bi Maddox akasema, "Ndiyo, mbaya sana." Clem alifariki kesho yake asubuhi.

Mazikoni tulikuwa watano. Binti hakuweza kufika. Alituma maua yenye utepe. Kasisi hakumjua marehemu, akasema alikuwa fundi ujenzi hodari. Gwen Pugh alinikonyeza kwa mshangao, lakini Bi Maddox alitazama mbele tu, na kaburi lilipofunikwa alishukuru kila mmoja wetu kwa kuja, kama mwenye msiba, kisha akakataa lifti akaenda kusubiri basi.

Jumanne baada ya mazishi alifika saa yake ya kawaida. Alitoa penseli. Akaomba sanduku la nyaraka za jumba moja la mpakani mwa Wales, lililobomolewa mwaka 1927, ambalo hakuna tena aliye hai anayelikumbuka. Nilimletea. Aliinama juu ya zile karatasi mpaka tulipoanza kufunga madirisha, akaniuliza kama ningemwekea sanduku lile mpaka wiki ijayo. Nikamwambia hakuna mwingine anayeliomba.